Majina ya Kilosa Yalivyoingia Kwenye Ramani za Wazungu

Mikumi ni miti. Ni mivumo, ile mirefu ya jamii ya minazi, na jina lake lilienea duniani baada ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kuanzishwa mwaka 1964. Tindiga, kata ya Wilaya ya Kilosa nchini Tanzania, inabeba neno la ardhi ya kinamasi. Wilaya hiyohiyo ina kata iitwayo Ulaya, na mtu wa kata ya Kilangali hahitaji pasipoti kufika huko.

Majina ya namna hii yaliwafikia Wazungu kupitia vinywa vya watu wa misafara. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akitoka Bagamoyo kumtafuta mmisionari David Livingstone, alivuka tambarare ya Mkata wakati wa masika, matope yakiwatesa wapagazi na punda. Katika kitabu chake cha mwaka uliofuata aliiita Makata: sikio la msemaji wa Kiingereza halikuzoea m kushikana na k, likachomeka irabu katikati.

Jina la Usagara lilikwenda mbali zaidi. Wenyeji ni Wasagara, na watu wa pwani walizoea kuiita nchi ya watu kwa kuanza na U. Mkoloni Mjerumani Carl Peters alilikuta jina likiwa na umbo hilo alipokusanya mikataba yake mwishoni mwa 1884. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya ulinzi iliyotaja Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Kiswahili cha njia ya misafara kikawa kimeingia katika nyaraka za Berlin.

Buganda nayo ilipoteza B yake kwa njia hiyohiyo, ikazaa Uganda.

Uchina ina kisa kinachofanana. Waingereza waliyapata majina mengi kupitia bandari za kusini: Xiamen wakaiita Amoy kwa matamshi ya wenyeji wa huko, na Guangzhou wakaiita Canton, jina walilolitoa kwa Wareno, ambao nao walikuwa wamelisikia jina la jimbo la Guangdong.

Majina mengi yaliyopandikizwa na watawala hayakudumu. Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, na kule Kenya Port Florence ni Kisumu. Reli ya Wajerumani ilipita Kilosa, lakini mji ukabaki na jina lake.

Maana za majina mengi ya vijiji vya Kilosa zimo vichwani mwa wazee tu. Walimu na wanafunzi wa huko waziandike sasa, wazee wakiwa bado wapo wa kuulizwa.