Chombo Kilichotumwa Kuchota Udongo wa Mwezi

Anayetafuta kasiteriti huko Walikale haridhiki kuutazama mlima kwa mbali; lazima ashike jiwe mkononi. Ndivyo walivyowaza wataalamu wa Umoja wa Kisovyeti juu ya mwezi. Basi tarehe 13 Julai 1969, siku tatu kabla Waamerika hawajarusha Apollo 11, walirusha chombo kisicho na mtu, jina lake Luna 15. Kazi yake ilikuwa kutua, kutoboa ardhi, kuchota udongo kidogo na kuurudisha duniani. Lakini wakati ule kazi hiyo haikutangazwa.

Waamerika waliingiwa na wasiwasi, vyombo visije vikagongana. Frank Borman, aliyekwisha kuuzunguka mwezi mwaka 1968, aliuliza Moscow, nao Warusi wakampa habari za njia ya chombo chao. Wapinzani wakubwa walisikilizana.

Luna 15 ilifika kwenye mwezi tarehe 17, ikauzunguka mara 52. Kipimo cha kimo kilionyesha ardhi isiyo sawa, kwa hiyo wataalamu wakakawia kuishusha. Wakati huo Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakatua tarehe 20. Kesho yake jioni, yapata saa kumi na mbili kasoro dakika kumi kwa saa za Masisi, Luna 15 ilikuwa ikishuka, mara sauti yake ikakatika. Inadhaniwa iligonga ubavu wa mlima. Apitaye vilima vya Masisi katika ukungu ataelewa hatari hiyo. Saa mbili baadaye Waamerika wakaondoka mwezini na zaidi ya kilo 21 za mawe na udongo.

Je, Warusi walikata tamaa? Hapana. Septemba 1970 Luna 16 ilileta gramu 101 tu, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mashine peke yake kufanya kazi hiyo. Kumbe shauri lenyewe halikuwa baya. Lilihitaji kujaribiwa tena.

Mwezi mpevu unapochomoza, tazameni karibu na ukingo wake wa juu. Mtaona doa dogo jeusi la mviringo. Ni uwanda mkavu uitwao Mare Crisium. Huko ndiko vilipo vipande vya Luna 15 hata leo.