Eti Mmeichosha Mashine

Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, iliona kompyuta zake za Dell zikifa moja baada ya nyingine. Kampuni ikazipima, ikarudi na jibu: mmezichosha kwa hesabu ngumu. Yaani wanahisabati wameua kompyuta kwa kuipa hesabu.

Jibu hilo lilijulikana hadharani mwaka 2010, gazeti la New York Times lilipoandika kuhusu nyaraka za kesi iliyofunguliwa dhidi ya Dell. Nyaraka zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 kampuni ilisafirisha angalau kompyuta milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika, kwa sababu ya kijisehemu kidogo kuliko kidole: kapasita.

Niliposoma hayo nilicheka, halafu kicheko kikaisha. Kwenye sekondari niliyosoma, maabara ya kompyuta ilikuwa na mashine nyingi, lakini zilizowaka ulizihesabu kwa mkono mmoja. Tuliambiwa ni gemu zetu. Ni vumbi la viatu vyetu. Ni stima ya huku mashambani. Hakuna aliyefungua hata mashine moja kuangalia ndani.

Kapasita ni nini? Fikiria tangi la maji nyumbani. Maji ya bomba huja yakisitasita, lakini tangi huyapokea na kukupa mkondo ulio sawa. Kapasita hufanya hivyo kwa umeme kabla haujafika kwenye prosesa. Ndani ya kikopo chake kuna utepe wa alumini uliokunjwa na kiowevu kinachoitwa elektroliti. Maji yaliyo ndani ya kiowevu hicho yanaweza kuila alumini, kwa hiyo watengenezaji huongeza kemikali za kuyazuia. Kemikali zikikosekana, gesi ya haidrojeni hujaa, kikopo huvimba, na kichwa chake, ambacho huchanjwa kwa makusudi ili kisilipuke ovyo, hupasuka.

Mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003 magazeti ya wahandisi, likiwemo IEEE Spectrum, yaliandika kwamba bodi nyingi za kompyuta zinakufa kwa kapasita za Taiwan zinazovuja. Hadithi iliyosambaa ilikuwa kama ya sinema: mwanasayansi aliacha kampuni ya Kijapani, akaenda kufanya kazi China, akatengeneza elektroliti yake huko, wafanyakazi waliokuwa chini yake wakatoroka na fomula hadi Taiwan, lakini wakabeba nusu tu. Hadithi ya wizi haikuwahi kuthibitishwa. Kapasita kuvimba ni jambo jingine, kila fundi aliliona kwa macho yake. Na haikuwa Taiwan peke yake. Kapasita zilizoiletea Dell shida zilitoka Nichicon, kampuni ya Kijapani yenye heshima zake. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 za kugharamia matengenezo.

Sasa tuje nyumbani. Ofisi ya Ulaya au Marekani hutumia kompyuta miaka michache, kisha huiuza au kuitoa msaada. Miaka hiyohiyo Kenya ilikuwa inazipokea kwa mikono miwili. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka 2002, likikusanya kompyuta zilizotumika, kuzitengeneza na kuzipeleka shuleni. Saiba zetu nazo zilijaa mashine za "ex-UK". Bila mtumba huo, wengi wa rika langu wangegusa kipanya kwa mara ya kwanza chuoni, kwa hiyo siudharau. Lakini mashine ikibadilisha mikono hivyo, dhamana hubaki nyuma na ugonjwa husafiri nayo.

Mwishoni mwa Novemba 2006, nchi wanachama wa Mkataba wa Basel zilikutana Nairobi, na ajenda kubwa ilikuwa taka za elektroniki. Likatoka Azimio la Nairobi. Desemba 2010, NEMA ikatoa mwongozo wa taka hizo nchini. Yote mazuri. Ila mazungumzo hayo yalihusu zaidi maiti. Mashine inayofika ikiwa hai, imebakiza mwaka mmoja wa kuishi, haionekani kama taka. Ikizimika baadaye, mlaumiwa yuko karibu: mwanafunzi, vumbi, stima.

Hiyo ndiyo sababu najali namna ya kupima. Kompyuta yangu ya mezani hapa Loitokitok niliiunga mwenyewe kwa vipande: kasha la saiba iliyofungwa, bodi ya zamani ya mkono wa pili, diski kutoka kwa rafiki. Niliacha chuo, naandika makala za kulipwa, na mashine hiyo ndiyo ofisi nzima. Ikaanza kugoma asubuhi. Huku chini ya Kilimanjaro asubuhi ni baridi kweli. Nikiiwasha inazunguka feni, inajizima, inajaribu tena. Ikishapata joto, inafanya kazi kutwa. Fundi mmoja akaniambia ni stima ya Loitokitok, ninunue mashine nyingine.

Nilichomoa kila kitu kisichohitajika, nikabakisha prosesa na kipande kimoja cha ramu. Bado. Nikabadilisha ramu, nikahamisha tundu. Bado. Nikapima pawa saplai kwa multimita: 12, 5 na 3.3, zote zilikuwa sawa. Nikaazima pawa saplai nyingine kwa jirani, ugonjwa uleule. Iliyobaki ilikuwa bodi. Nikaiweka dirishani, nikaimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kapasita tano kando ya prosesa zilikuwa na vichwa vya mviringo kama mandazi, na moja ilikuwa imetoa ukoko wa kahawia.

Ugomvi wa asubuhi ukaeleweka. Elektroliti ikichoka, baridi huifanya kapasita kuwa dhaifu zaidi. Joto likipanda inajikaza kidogo. Uzee na joto jingi pia huvimbisha kapasita, kwa hiyo si kila iliyovimba ni ya kashfa ile ya zamani. Lakini hakuna kapasita inayovimba kwa sababu mtu amecheza gemu au ameandika makala ndefu.

Niliagiza tano mpya kutoka Luthuli Avenue, Nairobi: mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za awali, za nyuzi 105. Fundi wa redio hapa mjini akazilehemu, mstari wa upande hasi ukielekea palepale ulipokuwa. Asubuhi iliyofuata iliwaka mara moja.

Sheria ya Kenya ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Ni hatua. Lakini maabara za shule bado zina mashine zilizofunikwa vitambaa, na watoto wanaoamini wao ndio walioziua. Mwalimu mwenye bisibisi na tochi anaweza kulimaliza swali hilo kwa dakika kumi, mbele ya darasa lote.