Bolti za 1966 Zilizoipa Camaro Maisha ya Pili: Stori ya Sabufremu

Aprili 1964 Ford waliizindua Mustang kwenye maonyesho ya dunia ya New York, na Marekani nzima ikachanganyikiwa. Ndani ya mwaka wa kwanza zikauzwa zaidi ya 400,000. Kwa General Motors hiyo ilikuwa aibu ya hadharani, maana hawakuwa na gari la kujibu. Jibu lao likaingia sokoni Septemba 1966: Chevrolet Camaro, modeli ya 1967. Waandishi walipouliza hilo jina lina maana gani, bosi mmoja akawarushia dongo kwamba ni mnyama mdogo mkali anayekula Mustang.

Dongo zuri. Ila stori ambayo mpaka leo inatoa watu jasho kwenye magereji ya Marekani iko chini ya gari, mahali ambapo siku ile hakuna aliyepiga picha.

Mustang ilikuwa bodi nzima iliyochomelewa ikawa kitu kimoja, na ndani ya boneti kulikuwa na minara miwili ya chuma inayoshika springi na shokamzoba. Wahandisi wa Camaro wakaenda njia ya katikati. Kuanzia kwa dereva kurudi nyuma, gari halina chasisi. Mbele wakafunga fremu fupi ya chuma, yaani sabufremu, inayobeba injini, stelingi, springi na magurudumu yote mawili. Hiyo fremu haijachomelewa kwenye bodi. Imeshikwa kwa bolti nne kubwa, na mbili nyingine kule mbele kwenye fremu ya rejeta. Katikati ya chuma na chuma wakaweka bushi za mpira, ili kelele na mtetemo wa barabara visimfikie mteja.

Starehe, basi. Hakuna aliyekuwa anafikiria mtu wa miaka 50 mbele. Lakini kitu kilichofungwa kwa bolti kinafunguka kwa spana, na hapo ndipo biashara nzima ya sabufremu za kisasa ilipozaliwa.

Kwa nini mtu aifungue? Kwa sababu Camaro ya kwanza ilikuwa kali kwenye mstari ulionyooka na yenye mashaka kwenye kona. Injini kubwa ya inchi za ujazo 396, karibu lita 6.5, ilikuwa zaidi ya kilo 300 za chuma juu ya magurudumu ya mbele. Breki za kawaida za mbele zilikuwa drami, diski unaongeza hela. Halafu hesabu za magurudumu zilipigwa enzi za matairi ya nailoni, kabla rediali hazijatawala Marekani kwenye miaka ya 1970. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje linainama vibaya, linabaki limesimamia ukingo wake. Na vyuma vya stelingi vilikaa nyuma ya ekseli. Chevrolet wenyewe walivihamishia mbele kwenye Camaro ya 1970. Hapo ni kama walikiri bila kufungua mdomo.

Watu wa mbio walikuwa wameshajua siku nyingi. Camaro zilibeba ubingwa wa Trans-Am 1968 na 1969, na zile gari za mashindano hazikuwa zimeachwa kama zilivyotoka kiwandani. Dereva mmoja aliyefungua gereji yake California alipata umaarufu kwa ujanja mmoja wa bei poa: kutoboa matundu mapya kwenye sabufremu ileile, mkono wa juu wa gurudumu ushuke, tairi ligande barabarani kwenye kona. Hakununua fremu mpya. Mpaka leo mafundi wanatoboa matundu hayo, na kwa watu wengi wenye Camaro hiyo ndiyo dawa inayotosha. Ongeza bushi ngumu za alumini badala ya mpira, ongeza vyuma viwili vya kuunganisha sabufremu na fremu ya nyuma ili gari lisijinyonge, na gari linabadilika tabia kabisa. Haing'ai Instagram, lakini inafanya kazi.

Njia ya pili ilitokea kwa mpinzani. Ford walitoa Mustang II, modeli ya 1974, kigari kidogo ambacho mashabiki walikicheka mpaka kesho. Ila mbele kilikuwa na stelingi ya reki na mfumo mfupi usiokula nafasi, na mafundi wa magari ya zamani wakaupenda kuliko gari lenyewe. Wakaanza kuuchomelea kwenye magari ya kila aina. Baadaye makampuni yakaanza kutengeneza kopi mpya. Sabufremu nyingi za bei ya chini zinazouzwa leo zina damu hiyo, na hapo mnunuzi afungue macho: mfumo ulibuniwa kwa gari dogo. Kuna kopi zilizoimarishwa vizuri, na kuna zilizopakwa rangi vizuri. Kwenye picha zinafanana. Chini ya 396 ya chuma hazifanani hata kidogo.

Halafu ikaja 1997. Corvette ya kizazi cha tano ilitoka na vitu viwili vilivyobadilisha mchezo: injini LS1 ya alumini, na reli za chasisi zilizoumbwa kwa msukumo wa maji ndani ya bomba la chuma, njia inayotoa reli ndefu, nyepesi na ngumu bila viungo vingi. Watengenezaji wa sabufremu wakaiba somo lote. Wengine wakaumba reli zao kwa maji hivyohivyo, wengine wakakunja mabomba, na wengi wakachukua nako za alumini za Corvette na kuzifunga kwenye fremu ya kuingia Camaro ya 1967 mpaka 1969. Ghafla gari la babu likawa na kona za gari la mbio.

Bei? Kuanzia dola elfu kadhaa mpaka kuvuka 10,000, injini haimo. Ndiyo maana uchaguzi huu unavunja urafiki.

Wanaojua hawaanzi na bei wala mng'ao. Wanaanza na injini, kwa sababu reki ya stelingi inayokaa mbele inaweza kugombania nafasi na sampu ya oili, na ukigundua siku ya kufunga umechelewa. Wanauliza beringi na boljoint zinatoka kwenye gari gani. Zikiwa za Corvette, dukani zipo. Zikiwa za kuchonga na kampuni ndogo ikafungwa, gari linabaki juu ya mawe. Wanauliza pia gurudumu likipanda tuta stelingi inajikata yenyewe au inanyooka. Muuzaji anayekwepa swali hilo aachwe na fremu yake.

Kuna kitu kingine ambacho picha za kabla na baada hazionyeshi. Sabufremu mpya haina akili ya kunyoosha bodi iliyopinda. Kutu ikishakula sehemu ya bolti, au gari likiwa liligongwa mwaka 1978 na kupigwa bati, fremu ya dola 10,000 itafungwa upande na gari litavuta upande maisha yake yote. Kiwanda kiliacha matundu ya kulinganishia pale bodi na fremu zinapokutana, na fundi wa kweli anapitisha vyuma humo, kisha anapima msalaba kona kwa kona, kabla hajakaza bolti hata moja.

Mwenye Mustang ya zama hizo anaiangalia stori hii kwa wivu. Kwake, kuingiza mfumo mpya kamili wa mbele mara nyingi maana yake ni kukata ile minara ya ndani ya boneti, na ikishakatwa haikui tena. Mwenye Camaro ana njia ya kurudi. Mwaka 1969 zilitengenezwa Camaro za ZL1 69 tu, zenye injini ya alumini ya inchi 427, na gari adimu kama hilo thamani yake iko kwenye uhalisia wake. Lakini hata wenye Camaro za kawaida wengi wanapofungua sabufremu ya zamani hawaiuzi chuma chakavu. Wanaisafisha, wanaipaka mafuta, wanafunga zile bolti kwenye mfuko na kuusukuma kona ya gereji, ili siku mnunuzi akija anataka gari kama lilivyozaliwa, kila kitu kiwepo.