Mwangazo: istilahi ya mpiga picha wa filamu

Kiingereza kina neno moja, exposure, kwa jambo ambalo kila mpiga picha wa filamu huliamua kabla ya kubonyeza kitufe. Kwa Kiswahili jambo hilohilo limepewa majina mengi. Wapo wanaolitafsiri "ufichuzi", neno linalofaa kwa habari za rushwa lakini lisilomwambia mwanafunzi chochote kuhusu kamera. Wapo wanaosema "mwanga" tu, au "mwangaza", na hapo vitu viwili huchanganywa: mwanga uliopo nje, na ule uliofanikiwa kuifikia filamu. Tofauti hiyo ndiyo kazi yote ya mpiga picha. Mwanga wa jua hana uwezo nao. Mwanga utakaoifikia filamu unamtegemea yeye.

Ninapendekeza tuseme mwangazo. Limeundwa kwa njia iliyozoeleka: alika hutupa mwaliko, changa hutupa mchango, kata hutupa mkato, basi na angaza itupe mwangazo, yaani tendo la kuiangaza filamu na kiasi kilichopatikana kwa tendo hilo. Wingi wake ni miangazo. Lugha ya studio inaunga mkono mwelekeo huu. Picha iliyopata mwanga kupita kiasi huambiwa "imeungua", na mkanda uliofunguliwa juani kabla ya kusafishwa huambiwa vivyo hivyo. Wasemaji walikwisha kuona kwamba mwanga ni kitu kinachotendewa filamu, tena kwa kipimo.

Kipimo chenyewe ni zao la vitu viwili: nguvu ya mwanga unaopenya kwenye lenzi, na muda ambao mwanga huo unaachwa uiguse filamu. Wanakemia Bunsen na Roscoe walionyesha mwaka 1862 kwamba athari ya mwanga kwenye kemikali hutegemea zao hilo. Mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Driffield, waliokuwa wakifanya kazi Widnes nchini Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi weusi wa negativu unavyoongezeka kadiri mwangazo unavyoongezeka. Tangu hapo mwangazo umekuwa jambo la hesabu.

Tuiangalie hesabu hiyo kwenye kamera ambayo wanafunzi wengi duniani wamejifunzia, Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Juu yake, upande wa mkono wa kulia, kuna gurudumu la spidi: sekunde 1, nusu sekunde, robo, na kuendelea hadi 1/1000. Namba hizo ni za shata, mapazia mawili ya kitambaa yaliyo mbele ya filamu. Sisi husema "spidi ya shata", na ni sawa kuendelea kusema hivyo, mradi mwanafunzi ajue kwamba namba anayoisoma ni muda. Akitoka 1/125 kwenda 1/250, muda umekatwa nusu na mwangazo nao umekatwa nusu.

Kwenye lenzi kuna pete yenye namba nyingine: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Hizi ni za tundu la lenzi, uwazi unaofunguliwa na kufungwa na vibamba vyembamba vya chuma. Namba hizi huwachanganya wengi kwa sababu inayokua ndiyo inayopunguza. Sababu ni kwamba kila moja ni jibu la kugawanya: urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 kwenye namba 8 ina tundu la milimita 6.25, kwenye 16, tundu ni milimita 3.125. Kipenyo kimepungua mara mbili, lakini eneo limepungua mara nne, na ni eneo ndilo linalopitisha mwanga. Ndiyo maana kati ya 8 na 16 kuna 11: kila hatua kwenye pete hukata mwanga nusu.

Hatua hiyo ya nusu au ya maradufu, iwe ya spidi au ya tundu, Kiingereza huiita stop. Kuitafsiri "kituo" kungepotosha. Jina hilo lilihusu kuzuia mwanga. Katika karne ya 19 wapiga picha walikuwa wakichomeka kwenye lenzi vibati vyenye matundu ya ukubwa mbalimbali. Kwa Kiswahili neno ngazi linatosha: tunapanda ngazi, tunashuka ngazi, na kila ngazi ni mara mbili au nusu ya jirani yake.

Sasa mpiga picha anaweza kubadilishana. Chukua filamu ya ISO 100 (ISO ni namba ya wepesi wa filamu kuitikia mwanga) saa saba mchana, jua kali, anga safi. Kanuni ya zamani inasema: weka tundu 16, na spidi iliyo karibu na namba ya filamu, yaani 1/125. Mwangazo huohuo unapatikana kwa tundu 11 na 1/250, tundu 8 na 1/500, au tundu 5.6 na 1/1000. Kwenye K1000 safari inaishia hapo. Ukifungua hadi 4, gurudumu halina spidi ya kufidia, na picha itazidi kwa ngazi moja.

Miangazo hiyo ni sawa, ila picha hazitafanana. Vijana wanaojirusha baharini pale Forodhani, Zanzibar, wanahitaji 1/500 ili mwili uonekane umesimama hewani. Kwa 1/60 watakuwa mchirizi, na huenda mchirizi ndio unaoutaka. Tundu nalo huamua ni kiasi gani cha mandhari, mbele na nyuma ya unayempiga, kitaonekana bila ukungu. Kwenye 16 uso wake na majengo ya nyuma yatasomeka, kwenye 2.8 uso utabaki wazi na majengo yatayeyuka. Kwa hiyo ukikubali mwangazo fulani, bado una uamuzi wa pili: utaupata kwa muda au kwa tundu?

Kipima mwanga cha kamera hakiwezi kukuamulia hayo, na hata kwenye mwangazo wenyewe hukosea mara nyingine. Ndani ya K1000, upande wa kulia wa dirisha la kuchungulia, kuna mshale. Ukitulia katikati, kamera inaamini mambo ni sawa. Lakini mshale huo umepangwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mpige bwana harusi aliyejaza fremu kwa kanzu nyeupe, uufuate mshale, na kanzu itatoka ya kijivu, uso wake ukizama gizani. Hapo ongeza mwangazo ngazi moja na nusu hadi mbili. Mbele ya buibui jeusi fanya kinyume, punguza. Au elekeza kamera kwenye majani mabichi yaliyo katika mwanga uleule, ambayo hukaribia wastani huo, kisha ubaki na namba hizo.

Kosa la kuzidisha na la kupunguza hayana uzito sawa. Negativu iliyonyimwa mwangazo hutoka nyepesi, na ukiinyanyua dirishani utaona pale palipokuwa na kivuli pameachwa wazi, hapana kitu cha kuchapisha. Iliyozidishiwa ngazi moja au mbili hutoka nzito, ila habari zake zipo. Filamu ya slaidi ni kinyume: ikizidi, habari za sehemu nyeupe hupotea kabisa. Basi ukiwa na negativu na una shaka, ongeza.

Zao la nguvu na muda nalo lina mpaka. Karl Schwarzschild, mwanafalaki wa Ujerumani, alieleza mwaka 1899 kwamba mwanga hafifu ukichukua muda mrefu, filamu hupokea pungufu ya hesabu. Kwa filamu ya Tri-X 400, maelekezo ya Kodak yalitaka sekunde 10 za kipimo ziwe 50. Anayepiga taa za mji usiku asipolijua hilo atasafisha mkanda mtupu.

Haya yote yanaweza kufundishwa kwa Kiswahili bila kigugumizi, tukiwa na maneno manne: mwangazo, spidi ya shata, tundu la lenzi na ngazi. Mwalimu akisema "mwangazo umepungua ngazi mbili, fungua tundu hadi 5.6 au shusha spidi hadi 1/60", mwanafunzi anajua la kufanya na anajua kwa nini. Istilahi hupimwa kwa sentensi za namna hiyo, zinazotamkwa huku mkono uko kwenye kamera.