Reli, Telegrafu na Swali la Nani Anayenufaika: Funzo la Marekani ya Karne ya 19

Tumezoea kuisoma historia ya mataifa kupitia vita, katiba na majina ya viongozi. Ni nadra kuisoma kupitia mifereji, reli na nyaya. Hata hivyo, Marekani ya karne ya 19 haieleweki bila kuvichunguza vitu hivyo. Mwaka 1800 nchi hiyo ilikuwa na watu milioni 5 na ushei, wengi wao wakiishi karibu na pwani ya Atlantiki. Mkulima aliyehamia ng'ambo ya milima ya Appalachia alikuwa raia wa taifa lenye soko asiloweza kulifikia, kwa kuwa gharama ya kusafirisha nafaka kwa mikokoteni ilimeza faida yote.

Mageuzi ya kwanza yalipita majini. Mwaka 1807 Robert Fulton aliendesha meli ya mvuke katika Mto Hudson, kutoka New York hadi Albany. Miaka kumi baadaye jimbo la New York, chini ya Gavana DeWitt Clinton, lilianza kuchimba Mfereji wa Erie, wenye urefu wa kilomita 584, ili kuunganisha mto huo na Ziwa Erie. Wapinzani waliubeza kuwa ni mtaro wa Clinton. Ulipofunguliwa mwaka 1825, gharama ya kusafirisha tani moja ya mzigo kutoka Buffalo hadi New York ilishuka kutoka takriban dola 100 hadi takriban dola 10. Ikumbukwe kwamba mradi huo uligharimiwa na serikali ya jimbo, si na hisani ya matajiri.

Reli zikafuata. Mwaka 1830 hazikufika kilomita 50; mwaka 1860 zilikaribia kilomita 48,000. Tarehe 24 Mei 1844, Samuel Morse alituma ujumbe wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore, katika mradi uliofadhiliwa na Bunge kwa dola 30,000. Kabla ya hapo habari ilikwenda kwa mwendo wa farasi au chombo kilichoibeba. Wapanda farasi wa Pony Express, waliofikisha barua California kutoka Missouri kwa siku 10 hivi, walianza kazi Aprili 1860. Oktoba 1861 waya wa telegrafu ulikamilika kuvuka bara, na kazi yao ikaisha.

Je, njia hizi ziliunda taifa moja? Ziliunda soko moja. Taifa ni jambo jingine. Meli za mvuke zilizopandisha bidhaa katika Mto Mississippi ndizo zilizoshusha pamba iliyolimwa na watumwa. Wanahistoria wanakadiria kuwa watumwa wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya Kusini ya juu kwenda mashamba ya Kusini ya mbali kabla ya 1860. Hata Zanzibar iliguswa na mnyororo huo: kitambaa cha merikani, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts vilivyotegemea pamba hiyo. Usafiri bora haukuudhoofisha utumwa, uliuongezea faida. Vita vya 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyoamua suala hilo.

Katikati ya vita hivyo, mwaka 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya reli ya kwenda Pasifiki. Kampuni zilipewa mikopo na ardhi kubwa pembezoni mwa njia, ardhi ambayo wenyeji asilia waliishi na kuwinda nyati. Reli ilikamilika Utah tarehe 10 Mei 1869. Upande wa magharibi ilijengwa kwa sehemu kubwa na maelfu ya vibarua wa Kichina waliopasua miamba ya Sierra Nevada. Miaka 13 baadaye, sheria ya 1882 ilipiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini. Jasho lao lilihitajika. Uraia wao haukutakiwa.

Nguvu za kampuni hizo zilifika hadi kwenye saa za ukutani. Tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli ziligawa nchi katika kanda za saa, na miji ikarekebisha saa zake. Bunge lilikuja kuuhalalisha utaratibu huo kwa sheria mwaka 1918. Wakulima nao walilalamikia nauli za mizigo kwa miaka mingi, hadi sheria ya 1887 ilipounda tume ya kuzisimamia reli.

Kwetu sisi, tunaopima maendeleo kwa urefu wa reli na mkongo wa mawasiliano, funzo liko wazi. Njia hupunguza umbali kati ya miji. Haipunguzi umbali kati ya mwenye nguvu na mnyonge. Kazi hiyo ni ya sheria na siasa, na inapaswa kuanza kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Tukisubiri utepe ukatwe ndipo tuulize ardhi ilikuwa ya nani na nauli inapangwa na nani, tutakuwa tumeuliza kwa kuchelewa.