Rangi ya maji ilizaliwa vitani

Ndoo ya rangi ya maji unayouza au kupaka hapa Mpui ina historia ya vita. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya, na Marekani ikakosa mpira wa kutosha. Viwanda vyake vikatawanya matone ya kemikali ndani ya maji ya sabuni, yakageuka chembechembe za mpira wa bandia. Mwaka 1948 kampuni ya Glidden ikauza rangi iliyotokana na utomvu wa aina hiyo.

Maji yakikauka, chembechembe hushikana zikawa utando mmoja. Kwenye baridi kali hazishikani vizuri. Kwa hiyo Juni na Julai usipake alfajiri wala jioni. Subiri ukuta upate joto. Ukiharakisha, rangi itabanduka na fedha yako itapotea.