Mpiga Picha wa Jeshi na Mpagazi Asiye Jina

Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki mwaka 1914, Walther Dobbertin, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1882, alikuwa na studio yake ya picha mjini Dar es Salaam. Akafuatana na jeshi la Lettow-Vorbeck, akawa mpiga picha wake wa habari. Mwaka 1932 alitoa kitabu cha picha hizo, Die Soldaten Lettow-Vorbecks, yaani Askari wa Lettow-Vorbeck. Alikufa mwaka 1961, na picha zake nyingi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani.

Picha hizo ni hazina. Moja, ya mwaka 1914, yaonyesha kombania ya askari Waafrika wamejipanga tayari kwa safari. Walakini kamera za siku zile zilikuwa nzito, nazo zilimtaka mtu atulie. Gwaride hutulia, mzinga hutulia. Njaa na kuhara havingoji kupigwa picha. Tena mpiga picha aliyesafiri na jeshi aliona yale ambayo jeshi lilipenda yaonekane.

Msomaji wa Mjimwema, katika mji wa Songea, hana budi kuuliza zaidi. Tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini humo. Kabla jeraha halijapona vita vingine vikaja. Waingereza waliutwaa Songea Septemba 1916; Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kwenda kusini Novemba 1917, akarudi Septemba 1918. Kila jeshi lililopita lilitaka chakula na watu wa kubeba mizigo. Kwa upande wa Waingereza peke yake, yakadiriwa wapagazi wapatao 100,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la jemadari limo katika anwani ya kitabu, na askari wamo, mpagazi hamo.

Je, tuzitupe picha hizo? La. Tuzisome kama tusomavyo barua ya mkuu wa boma: nani aliiandika, kwa ajili ya nani, na nani aliachwa nje. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee juu ya Majimaji. Walioiona vita ya 1914 wamekwisha kufa, bali wajukuu wao wapo. Picha ya Dobbertin na iwekwe kando ya maneno yao, ndipo itakapokuwa shahidi wa haki.